Pale Ilipokuwa Pijo ya Baba

Kwa Luke Mureithi Mathenge, mpiga picha, wa Burat, Isiolo

Luke, mwaka umezunguka ukarudi pale pale tangu asubuhi ile ya Jumatatu ulipotuacha, chai yako ikiwa bado ina moto mezani.

Watakaoliona tangazo hili watauliza mbona picha iliyo juu haina sura ya marehemu. Ina mama mzee anayechambua maharagwe, mwanamke anayefua, msichana anayejisuka nywele mlangoni, na mwanamke mwingine aliyeinama na ufagio. Katikati yao kuna uwanja mtupu wenye doa jeusi la mafuta. Ulipiga picha za vitambulisho vya nusu ya mji huu, na wewe mwenyewe hukutuachia hata moja ya maana. Lakini hiyo siyo sababu ya kuweka hii. Sababu tutaisema hapa mbele ya watu, na mimi dada yako Gacheri ndiye nimeshika kalamu, kwa kuwa mimi ndiye niliyefanya.

Ulikuwa mpole hadi ukanichosha. Wazee waliofika studio yako karibu na soko wakitoka mbali, uliwapa kiti na maji kabla ya kuwauliza jina. Mtoto akilia mbele ya kamera, ulingoja. Hukumwambia mtu atabasamu hata siku moja.

Jumapili sisi tukiwa kanisani, wewe ulikuwa njiani na ile kamera yako ya filamu ukitafuta magari makuukuu. Hukuyataka yaliyong'arishwa. Uliyataka yale yaliyofia uani kwa watu. Lori la Bula Pesa, nguo za watoto zimeanikwa kwenye kioo cha pembeni. Datsun ya mwalimu mstaafu kule Rapsu, ambayo malenge yalitambaa yakaingia hadi kwenye usukani. Lile gari lisilo na milango njia ya Kipsing, ambalo wachungaji huketi ndani jua likiwa kali. Mara ya kwanza ulienda mikono mitupu, ukanywa chai, ukaulizia gari kama mtu anayeulizia mgonjwa. Kamera ilikuja mara ya tatu au ya nne. Na sharti lako lilikuwa moja, kwamba hakuna kitu kinachosogezwa. Sufuria ikiwa juu ya boneti, ibaki. Kuku akilalia mayai kwenye kiti cha nyuma, aachwe. Picha ya kwanza kusafishwa uliipeleka kwa wenye gari, kabla ya mtu mwingine yeyote kuiona.

Tulikucheka. Leo tuseme ukweli, tulikucheka kwa miaka kumi na tano. Mji ulikuita Luke Skrapu, yaani wa vyuma chakavu, na jina hilo lilitamkwa nyumbani kwetu kuliko mahali pengine popote. Dukani kwangu, mteja akiniuliza ndugu yangu anafanya kazi gani, nilisema ana studio, kisha nikamuuliza anataka sukari kilo ngapi. Siku ya mazishi wale wale waliokuita Skrapu walishika kipaza sauti wakasema tumepoteza msanii. Kumbe nabii hana heshima kwao mpaka alale kwenye jeneza.

Gari moja hukuwahi kulipiga, nalo lilikuwa hatua ishirini kutoka kitandani kwako. Ni ile Pijo 504 nyeupe ya Baba, Mzee Mathenge, aliyokuja nayo kutoka Nyeri serikali ilipomhamishia huku, na iliyozimika chini ya mwarobaini mwaka aliostaafu, isiwake tena. Kila Krismasi ulituomba. Mama akae pale na maharagwe yake, dada yetu Kui afue, binti yako Ivy asuke nywele, nami nifanye lolote ninalofanya.

"Gari bila watu wake ni chuma tu," ulisema.

"Toa hiyo takataka kwanza," nikakujibu, "ndio tupigwe picha kama watu."

Ulicheka kidogo ukasema basi, mwaka ujao. Na mwaka uliofuata nilikujibu vile vile.

Kisha mapafu yakakushinda. Ulilala hospitalini wiki tano, na Alhamisi ya mwisho ukanipigia simu. "Gacheri, wananiachilia Jumamosi. Nataka mkuwe nyumbani nyote. Nataka kupiga ile picha." Nililia baada ya kukata simu, kwa sababu daktari alikuwa ameshatuambia ni kwa nini wanakuachilia. Nikaapa kwamba safari hii nitakufanyia jambo lako vizuri.

Nikalifanya vizuri. Ijumaa niliwaita watu wa skrapu. Waliikata Pijo vipande kwa gesi, wakapakia, na kufikia saa saba mchana palibaki lile doa. Kui aliniuliza, "Uko sure, lakini?" Nikamwambia picha ya mwisho ya ndugu yetu haitakuwa na kuku na kutu. Nilimwaga maji, nikafagia, nikaazima viti vyeupe vya kanisa. Jumamosi tukavaa nguo za ibada, Mama akafunga kitambaa kipya kichwani, tukajipanga mbele ya mwarobaini kuanzia mkubwa hadi mdogo. Miaka yote hiyo ulinieleza unachotaka kwa Kiswahili na kwa Kikuyu, na mimi nikakupangia picha ya harusi.

Uliingia langoni ukimwegemea Ivy. Ulisimama, ukatazama kwa muda mrefu.

"Gacheri, gari iko wapi?"

"Tumeitoa, Luke. Tulitaka picha itoke safi."

Ulivuta pumzi mara tatu kabla ya kupata ya kusemea. "Mmependeza," ukasema. "Lakini leo nimechoka. Badilisheni nguo, kila mtu aendelee na kazi yake."

Hukunitukana. Ningetoa chochote unitukane. Siku tisa ulikaa kwenye kiti chako pale barazani ukitazama mahali pale, na kila nilipokuletea uji ulisema asante, dada yangu. Nilijidanganya kwamba umesahau.

Matangani alikuja Mama Hawo, mjane wa Mzee Wako, yule mfanyabiashara wa ng'ombe. Alisema salaam aleikum, akajikumbuka akasema na habari zenu, kisha akatoa kwenye shuka lake picha aliyoifunga kwa nailoni. Ilikuwa Landrova ya marehemu mume wake, mbuzi wamelala chini yake, birika lake juu ya boneti.

"Huyu alinikataza hata kufagia," alisema. "Sasa gari iliuzwa, na Wako alizikwa. Nikitaka kuona boma yangu vile ilikuwa, naangalia hii. Wallahi sina ingine."

Alitazama uani petu. "Na yenu iko wapi? Aliniambia kwao kuna moja, hiyo atapiga ya mwisho."

Mama aliinuka akaingia ndani. Sisi wengine tukamwongezea mgeni chai ambayo hakuwa ameomba. Watu husema majuto ni mjukuu. Mimi yangu hayakungoja hata kuzaliwa mtoto.

Ivy ndiye aliyekumbuka kwamba kamera bado ina filamu. Aliipeleka Nairobi ikasafishwe, na mwezi wa nane picha zikarudi. Moja tu ilikuwa ya kwetu, hii iliyo hapo juu. Uliipiga ukiwa kwenye kiti chako, ndani ya zile siku tisa, sisi tukidhani umesinzia. Mama na maharagwe yake. Kui na karai. Ivy mlangoni. Na mimi na leso yangu iliyochanika, nikifagia doa ambalo halikutoka na halijatoka mpaka leo. Ndiyo picha nzuri kuliko zote tulizowahi kupigwa, na mimi siwezi kuitazama nikiwa nimesimama.

Katika daftari lako uliandika kila picha kwa mpango ule ule: mahali, gari, watu. Ivy alitusomea mstari wa mwisho, mwandiko ukiwa umelegea. "Kwetu, Burat. Gari: hakuna. Watu: wote."

Wote, Luke. Hata mimi ulinihesabu.

Tumefuata sharti lako. Picha ya kwanza imekaa ukutani kwa wenye gari, yaani kwetu, miezi yote hii, na leo ndipo tunawaonyesha wengine. Aliye na picha yako nyumbani kwake, awe Bula Pesa au Rapsu au Kipsing, aitunze, na gari lake aliache lilipo.

Tunaokulilia ni sisi tuliomo pichani: mama yako, dada yako Kui, binti yako Ivy, na mimi Gacheri mwenye ufagio. Maadamu tunapumua hatutakusahau, ndugu yetu. Na mahali pale sitafagia tena.