Kilomita 14,480 hadi Kifua cha Muoki

Jumanne, 4 Novemba 2025
Muoki amepata tiketi! Kesho anatoka Seattle. Kaka yangu aliondoka miaka tisa iliyopita kwa hasira, bila kuaga, na Mama hajalimeza hilo. Sasa saratani imemmaliza, hospitali imeturudisha nyumbani Kware, eti tumtunze tu. Anataka kitu kimoja: amtemee Muoki maji kifuani, ambariki, kama mama yake mwenyewe alivyombariki yeye, kwa mila yetu, siku aliyotoka kijijini Mwala. Nikasema ambariki kwa video. Akanitazama weee! "Simu ina kifua?"

Jumatano, 5 Novemba
Nimegoogle. Seattle mpaka Nairobi, kilomita 14,480. Ndege inakimbia mia tisa kwa saa. Nikagawanya — saa kumi na sita! Akipanda leo jioni huko, kwetu ni kesho alfajiri, basi kesho jioni yuko hapa. Mama alihesabu kwa vidole, akala uji vijiko vinne.

Alhamisi, 6 Novemba
Mimi mjinga. Mjinga kabisa. Hakuna ndege ya moja kwa moja.

Jioni nimemvalisha Mama gauni la kanisa, nimemkalisha kwa mito, kikombe cha maji karibu. Simu ikalia — Muoki, yuko Doha. "Sista, niko layover, nangoja ndege ya pili. Nafika kesho asubuhi. Si nilikutumia itinerary, ratiba yote?" Alituma. Sikuifungua, nilijiona najua hesabu.

Nikamwambia Mama kuna jam ya ndege huko juu. Akakubali — mtu wa Kware haulizi mambo ya jam. Lakini gauni amekataa kuvuliwa. Najichukia.

Ijumaa, 7 Novemba
Saa moja asubuhi. Angekuwa anatua sasa. Bado yuko Doha! Ndege imeharibika, wanangoja nyingine.

Saa tatu. Mama hasemi tena. Benta wa mlango wa pili amekuja kuomba, ananiambia nimshike mkono tu. Mkono! Kaka yangu amekwama jangwani na mimi nashika mkono. Siwezi kitu. Siwezi kitu chochote.

Saa nne na nusu. Mama alionyesha kikombe. Nikamnywesha, hakumeza. Akanivuta blauzi — nguvu kazitoa wapi sijui — akanitemea kifuani. "Muoki. Mwana wakwa, mwanangu. Nenda vizuri."

Ningesema, Mama, ni mimi Wavinya. Miaka tisa ni mimi ninayemwogesha, ninayempikia. Nikasema, "Ndiyo, Mama." Benta akaitikia amina. Mama amelala, uso umetulia kabisa, anapumua kwa mbali. Nilimwonea Muoki wivu, Mungu anisamehe, hata wakati ule.

Saa tano. Ujumbe wa Muoki: "Tumeboard. Masaa matano na dakika kumi. Mwambie anisubiri, sista. Mwambie kifua kiko njiani."

Nimeandika, "Sawa." Nimefuta. Nimeandika, "Mama ameshakubariki." Nimefuta. Anaona kwamba naandika, anauliza, "Nini?" —