Jumapili ya Tatu

Mpendwa Baba Mwende,

Ndengu tumevuna. Si nyingi, mvua ilikatika mapema, lakini magunia yako stoo na panya wameshaanza kazi yao. Mwende amerudi chuoni, wale wadogo wanakwenda shule. Nimeanza na habari za nyumbani kwa sababu ndivyo ulivyopenda, habari kwanza halafu machungu. Na machungu yapo.

Juzi nilipita shule yako hapa Kalamba, nikawasikia watoto wakiitikia maneno ya Kiingereza nyuma ya mwalimu mpya. Sikusimama. Nilikumbuka jioni zako na lile rundo la madaftari mezani, mimi nachambua mahindi ya muthokoi, wewe na kalamu yako nyekundu. Kila mwaka kulikuwa na neno moja ulilowalazimisha watoto wa watu walitie kwenye sentensi mpaka liwakae: proclamation. Sijui kwa nini ulilipenda vile. Ulinisomea sentensi zao nami nikacheka mpaka machozi. Mmoja aliandika kwamba mama yake ametoa proclamation kuwa leo hakuna chakula cha jioni. Huyo ukampa alama zote. Mwingine akaandika kwamba mbuzi wao alitoa proclamation usiku kucha, huyo ukamnyima. Mimi nikamtetea mbuzi.

"Mbuzi ana cheo gani?" ukaniuliza. "Proclamation si kelele, Mama Mwende. Ni mtu mwenye mamlaka anasimama mbele ya watu, anasema jambo, na kuanzia hapo jambo limekuwa."

"Na yetu itasemwa lini?"

Ukarudi kwenye madaftari yako kana kwamba hukusikia.

Maana machoni pa kanisa sisi tulikuwa watu wa njoo-tukae. Kwa ukoo mambo yalikwisha kitambo. Nakumbuka mlivyoleta mbuzi wa ntheo kwetu Kyuso ili nihesabiwe mke, na jua la kwetu unalijua, halafu yule jike mmoja akazaa njiani kwenye pikapu. Wazee walibishana wee, kama kile kitoto kimo kwenye mahari au kimejileta. Baba yangu akasema kimejileta, akakibeba akakipeleka zizini, mjadala ukaisha. Wewe ulikaa kando, shati limelowa jasho, unajizuia kucheka mbele ya wakwe. Tangu siku ile nilikuwa mkeo, na hakuna mtu, Kyuso wala Kalamba, aliyeniita vingine.

Ila kanisani Meza ya Bwana ilitupita. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi sahani ya mkate ilifika kwenye benchi letu, tukaipitisha bila kuonja. Wewe ulizoea. Mimi sikuzoea hata siku moja. Ulisema tungoje mvua nzuri, tungoje Mwende amalize sekondari, arusi inataka mahema na keki. Nikakwambia sitaki keki, nataka kushiriki Meza na mume wangu. Nililia siku hiyo. Kesho yake ukaenda kwa mchungaji bila kuniambia.

Ndipo tukatangazwa. Katibu wa kanisa alisimama na karatasi yake, akasoma jina lako na langu, kwamba tunakusudia kufunga ndoa takatifu, na anayejua kizuizi aseme, na hii ni mara ya kwanza ya kuuliza. Mwende alijifunika uso kwa leso yangu kwa aibu. Wewe uliniinamia ukaninong'oneza, "Hiyo sasa ndiyo proclamation." Nikakufinya. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile.

Jumapili ya pili tukasomwa tena. Alhamisi presha ikakuangusha darasani, na kabla gari halijafika hospitali ya Emali ulikuwa umeshaondoka.

Jumapili ya tatu katibu alisimama palepale. Akasoma kwamba kanisa limempoteza Mwalimu, na kwamba ameacha watoto watatu. Akaikunja karatasi, akakaa. Mimi nilikuwa benchi la mbele, akina mama wawili wamenishika mikono. Nikangoja kidogo, labda kuna mstari ameruka. Hakukuwa na mstari.

Nilimwendea mchungaji baada ya ibada. Si mtu mbaya, unamjua.

"Mama Mwende, kanisa halikuwafungisha," akasema. "Tukisema mjane tutakuwa tumesema uongo madhabahuni."

"Na zile Jumapili mbili mlizotusoma?"

"Zilikuwa mbili, mama. Zinatakiwa tatu."

Kwenye redio kaka yako alitangaza kwa Kikamba kwamba umeacha mke, Mungu ambariki. Lakini mazishi yalikuwa ya kanisa. Nilikuzika kama mama wa watoto wako, nikatupa udongo wangu baada ya dada zako. Nina hasira, Baba Mwende. Nina hasira na kanisa, na zaidi nina hasira nawe na hizo mvua zako ulizokuwa unangojea. Halafu usiku nikigeuka kitandani nakukosa, hasira inakosa pa kukaa.

Wiki iliyopita mchungaji alikuja nyumbani. Akanywa chai, akauliza watoto, kisha akasema ana habari njema. Wazee wa kanisa wameketi. Kwa kuwa sasa siishi tena na mwanamume nje ya ndoa, hakuna kizuizi, naweza kupokelewa Mezani mwezi huu. Alifurahi kweli, uso wote. Nikamshukuru, nikamfungia mayai ya kupelekea watoto wake, nikamsindikiza mpaka barabarani. Kumbe miaka yote hiyo kizuizi kilikuwa wewe.

Leo ndiyo ilikuwa Jumapili yenyewe. Nilivaa lile gauni la bluu nililoshonewa kwa ajili yetu. Mchungaji aliniona, akaitikia kwa kichwa. Sahani ikanifikia, mkate umekatwa vipande vidogo vidogo, nami nilikuwa na hamu nao ya miaka, unajua wewe. Lakini nikiula nitakuwa nimekubali mbele ya watu wote kwamba hatukuwa kitu, na kwamba kifo chako ndicho kimenisafisha. Nikaishika kwa mikono miwili. Nikampa mama aliyekaa pale pako.

Barua hii siitii kwenye bahasha. Naiacha wazi, anayetaka asome, mchungaji naye asome.

Pumzika, mume wangu.

Mkeo,
Kalunde