Mgao wa Germana

Jumamosi, 3 Mei 1975

Mvua imekatika asubuhi. Mgao wa kwanza wa shamba la kijiji, hapa Rhotia. Majani ya maboga, maharage mabichi, mahindi ya kuchoma machache. Kila kaya na kapu lake. Njaa ya mwaka jana ilitukausha, leo watu wanacheka mpaka ufizi! Katarina, msimamizi wa mgao, kampimia Germana mara mbili — eti mwenye mimba hula na mgeni wake. Germana ni mke wa mjukuu wangu Sylvesta, anakaa kwangu. Kapalilia shamba lile na tumbo lake hilo. Nikamwambia acha, utazalia mtaroni. Akanijibu, Bibi, si wewe mkunga? Utanifuata huko huko. Mdomo huo! Nampenda kuliko mjukuu mwenyewe.

Jumatano, 7 Mei

Mtoto ametoka amekufa. Wa kiume. Nimempokea kwa mikono hii. Sitaki kuandika zaidi.

Ijumaa, 9 Mei

Hakuna aliyekuja. Hata moto hawaombi tena. Mwanamke aliyezaa maiti hali na watu, hakanyagi shamba mpaka mavuno yaishe. Ndiyo mwiko wetu Wairaqw. Padri anaukemea kila mwaka. Wanaitika Amina, wakitoka pale wanazungusha ng'ombe mbali na mlango wangu.

Sylvesta anaosha vyombo hoteli ya watalii kule kreta, kwenye mbuga ya wanyama. Ametuma neno kwa dereva: hana ruhusa, Germana apumzike. Apumzike! Kama kajikwaa kidole!

Jumamosi, 10 Mei

Nimekwenda kwenye mgao. Nikasimama kwenye foleni, foleni ikanikimbia. Katarina akasema, Bibi, baki hapo hapo, fungu lako tutakuwekea nyasini. Nikamwambia, mikono hii imekuzalisha watoto wako wote, leo ndiyo inaozesha maharage? Akatazama chini. Mwenyekiti wetu Thomasi, yule wa mikutano, yule wa ujamaa ni kula pamoja, akasema kwa upole, Bibi, usituharibie shamba.

Wakamwaga mboga nyasini, wakarudi nyuma. Kama unavyomlisha mbwa mwenye kichaa. Nimeokota zote, mpaka jani lililokanyagwa.

Germana hakula. Anasema atawaozeshea shamba.

Jumatano, 14 Mei

Maharage ya kijiji yameingia kutu. Mvua ikizidi kutu huja, mjinga gani hajui? Lakini mwaka huu wamepata mtu wa kumbebesha. Thomasi kaja mpaka kwenye ua, hakuingia. Eti Germana ahamie kibanda cha walinzi wanaofukuza nyati shambani, ng'ambo ya kijito, kule msituni. La sivyo nyumba yangu haina mgao tena. Nimemtukana yeye na waliomzaa. Bado natukana, Germana akatoka, blanketi begani. Bibi, niache niende, watu wasije kufa njaa kwa ajili yangu.

Anaamini! Hilo ndilo limenikata maini. Hao wengine ningepigana nao.

Jumapili, 18 Mei

Nimehamia naye kibandani, na sufuria, na daftari langu la kisomo cha watu wazima. Mavi ya nyati mpaka mlangoni. Jana wameacha kapu ukingoni mwa kijito — limejaa, na mahindi juu! Wamefurahi tumetoka. Germana maziwa yanamvuja, na hakuna wa kunyonya. Nayakamua, namwaga. Yeye anatazama pembeni. Kanisani wanaimba, inasikika mpaka huku. Wanaimba vizuri, washenzi hao.

Jumanne, 20 Mei

Mchana. Katarina yuko upande wa pili wa kijito, anapiga kelele. Binti yake Leonida ana uchungu tangu jana. Mtoto kakaa vibaya, mguu umetangulia. Bibi, njoo! Oga hapo kijitoni kwanza, ubadili nguo, nimekuletea khanga — kaitundika kichakani. Hata leo! Hata leo anaogopa kunipa mkononi!

Nimemwambia nitakuja. Ila vuka wewe kwanza. Maharage yenu yameiva, yako motoni. Ule na Germana sahani moja, halafu twende kwa Leonida wote watatu.

Akalia. Bibi, yule ni mtoto wangu! Nikamwambia, na huyu wangu ni nani, Katarina? Akasema, nikila hapo watanileta mimi huku. Nikasema, nafasi ipo.

Germana kanishika mguu. Nenda Bibi, nenda, mimi sili na mtu. Nimemwambia anyamaze, alete sahani.

Leonida hana kosa. Najua. Mguu ukitangulia hauna muda wa ubishi, hilo nalijua kuliko Katarina. Nikikaa sana nitakuwa nimemuua. Naandika ili nisinyanyuke.

Katarina ameingia majini. Yamemfika magotini. Anatazama sufuria, anatazama nyuma. Thomasi naye ametokea ukingoni, anamwita arudi. Mama Leonida, rudi! Fikiria shamba! Yeye kasimama pale pale majini.

Germana kajifunika blanketi mpaka usoni.

Nimepakua. Sahani moja —