Mama Asikimbie Jumapili

Tongoni, Tanga
Jumanne, 27 Januari 2026

Mpendwa Mama Mdogo Khadija,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuanza na hili kabla sijakujulia hali, maana nikizunguka nitaogopa kuliandika. Jumamosi mama alianguka njiani, na aliyemfikisha pale ni mimi. Sijamwambia mtu yeyote.

Sasa nakuuliza, hujambo? Kazi ya wodini inaendeleaje? Na mguu wa Baba Haji umeshapona? Baba hapa hajambo, yuko shambani.

Tangu nimalize mtihani wa kidato cha nne sina la kufanya. Mama aliniomba nimfundishe kukimbia, kwa kuwa sare ya harusi ya binamu Samiha imeshashonwa na lile dera halimwingii mabegani. Nilifurahi sana. Mimi nyumbani huwa sisikiki, lakini asubuhi hizo alikuwa ananiita mwalimu.

Mama Mdogo, nilikuwa najua ana presha. Mwaka jana nilimsindikiza zahanati. Waliniambia mbele yake kwamba atembee polepole tu, na akitaka mazoezi mazito arudi kwanza apimwe. Sikumkumbusha. Sasa hivi analipa siku zake za Ramadhani, akaniuliza dawa ya asubuhi aimezeje na amefunga. Nikamwambia presha inatoka na jasho, dawa isubiri mpaka funga ziishe. Hilo nilijitungia mwenyewe.

Jumamosi tulitoka baada ya swala ya alfajiri. Tulipokaribia barabara kuu akasema, "Mwalimu, kifua kinabana, kama kuna mtu amenikalia."

Nikamjibu kama tulivyokuwa tukijibiwa shuleni: "Usisimame, mama. Ukisimama ndiyo utachoka."

Akanitii. Alikwenda hatua chache, akapiga magoti mchangani. Alikuwa na jasho la baridi, na mkono wa kushoto alisema mzito. Tulikaa mpaka jua likapanda. Alipoinuka alicheka, eti, "Dera hili litanizika." Akanikataza kumwambia baba. Alisema ni funga tu.

Si funga. Tangu siku ile akibeba ndoo anasimama mlangoni kuvuta pumzi. Na Jumapili hii wanawake wa upande wa bibi harusi wanakimbia kilomita tano pamoja na wa upande wa bwana harusi, na mama ameapa hatabaki nyuma akachekwa na wakwe. Mara tatu nimemfuata jikoni nimwambie asiende. Mara zote nimeishia kuosha vyombo.

Mimi simu sina, na ya nyumbani haitoki mkononi mwa mama. Ndiyo maana barua hii nampa jirani yetu Uweso, anayeondoka kesho alfajiri na basi la kuja huko kwenu Dodoma. Nakuomba ukiipata tu umpigie. Muulize kifua chake kama muuguzi anavyouliza. Mwambie arudie dawa na aende hospitali siku hiyo hiyo, asingoje Jumapili. Wewe ni mdogo wake, lakini kwa mambo ya ugonjwa anakusikiliza.

Nisalimie Baba Haji, na Haji umbusu. Mwenyezi Mungu awalinde, na atuachie mama.

Siri hii naomba uniwekee. Nikifikiria mama akijua nilikumbuka maneno ya zahanati nikanyamaza, natamani nisionekane. Lakini akikwambia hana kitu, akicheka, basi usiifiche tena. Msomee barua yote, na jina langu litaje.

Mwanao anayekupenda na kukutegemea,
Mastura