Kitufe cha Kuzima Kimehama

Mama mshauri mpendwa, shule niliishia darasa la pili lakini hapa Katete hajazaliwa wa kunizidi kusaga mahindi, mwaka wa thelathini na moja sasa kwenye kazi hii, naomba unisaidie. Mashine yangu ya zamani ilikuwa na mkono mmoja tu wa chuma, juu inawaka, chini inazima, na marehemu mke wangu Esnati alikuwa anaizima kwa nyonga, mikono yote imeshika ndoo, mtoto mgongoni, anaimba, na hadi leo nikisikia harufu ya unga wa moto namsikia yeye. Sasa mwanangu Davison ameleta mashine mpya yenye kioo cha kugusa, Kiingereza kibao, vitufe vyote rangi ya majivu, mkewe Tisauke akaniuliza, "Bambo, baba yangu, cha kuzima ni kipi?" nami mzee Njovu mzima ningesemaje sijui, nikamwambia cha tatu kutoka juu, maana nilimwona Davison akigusa hapo. Kumbe kile kioo kinabadilisha kurasa, cha tatu cha asubuhi siyo cha tatu cha mchana, na Alhamisi mkanda wa mashine ukanasa ncha ya kitenge cha Tisauke, akagusa cha tatu, mashine ikaongeza kasi, nikarukia swichi ya ukutani, mkono wake umepona, kitenge hakikupona. Davison akamfokea, "Huna macho wewe?" Mimi nikajifanya nafagia unga. Jumatatu Tisauke anarudi kusaga pale pale. Nikivunje kile kioo kwa nyundo?

Njovu, Katete

Jibu

Bambo Njovu, nyundo weka chini. Pole ya mke wako nakupa, ya kiburi sikupi. Ulimpa binti wa watu jibu usilolijua, kisha ukaacha afokewe kwa kosa lako. Leo, kabla hamjanawa mikono kula, mwambie Davison mbele ya mkewe, "Ni mimi niliyemwelekeza vibaya."

Halafu mwambie la pili, na hapo una haki. Kitufe cha kuzima hakihami. Fundi wa umeme akifunge pembeni, kikubwa, chekundu, cha kugonga kwa kiganja hata unga ukiwa machoni. Vile vitufe vya kiooni vya kutumiwa mara moja kwa mwezi Davison avifiche. Kisha mashine ikiwa tupu, aite wanawake watatu wasiojua kusoma, awaambie, "Zimeni," naye afunge mdomo, asionyeshe hata kwa kidole. Mmoja wao akisita, kosa ni la mashine.

Jumatatu kitufe kisipokuwepo, usibishane na mtu. Zima swichi ya ukutani, weka kiti chako mbele yake, ukae. Siku hiyo ukaidi wako una kazi.