Boti Haikuzama

Mati wee, tumetoka ofisi ya bima sasa hivi. Wamekataa kumlipa dada Odeta!

Si unajua mchele wake ulivyoishia ziwani, safari ile ya kutoka Karema kwenda Kalemie? Boti ilianza kujaa maji, ndani mna kina mama na watoto wachanga, nahodha akaomba mzigo utupwe. Dada ndiye aliyesukuma gunia la kwanza, kwa mikono yake. Yakaenda yote arobaini.

Sasa yule kaka wa bima anamwambia, "Mama, mkataba unalipa boti ikizama. Hiyo yenu haikuzama."

Haikuzama! Mati, haikuzama kwa sababu walitupa mchele!

Dada akamuuliza polepole, "Kwa hiyo ningeacha watu wafe ndiyo mngenilipa?"

Yule kaka akainamisha kichwa. "Mimi nafuata karatasi, mama." Akamsogezea barua ya kukataliwa, asaini kwamba ameipokea.

Na dada akasaini. Akasema asante. Asante, Mati!

Tumekaa hapa nje kwenye ngazi. Namwambia twende nyumbani Ilembo, hainuki. Ananiuliza tu, "Hivi nimemshukuru kwa lipi?"