Papo Hapo

Chuoni, 3 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima na goti limekupa nafuu. Mimi sijambo, ila mwili unalalamika, kila kiungo na lugha yake.

Niliondoka bila kukuaga vizuri, na najua kwa nini hukutoka chumbani. Umemzika mwanao kwa sababu ya moto, hata miezi kumi na minne haijatimia, halafu mjane wake anakwambia anakwenda kusomea uzimamoto ule ule. Ungenitukana ningeona nafuu kuliko ule mlango uliofungwa. Ila Mama, kila nikipiga pasi pale hotelini, mvuke ukipanda, nilikuwa namwona yeye. Nikasema heri niende nikauone huo moto wenyewe kuliko kuuwazia juu ya mashuka ya watu.

Simu wametunyang'anya getini hadi mwezi wa sita, kwa hiyo nitakuandikia. Usipojibu nitaandika tu.

Tuko thelathini na wawili, wanawake wanne. Kukipambazuka tunakimbia na mpira wa maji begani. Miaka sita ya pasi imenipa mikono, lakini miguu bado naitafuta. Kuna mwanasesere wa kujifunzia uokoaji, amejazwa mchanga, kilo sabini na tano. Wenzangu wamempa jina la Shemeji, kwa sababu kila mtu analazimika kumbeba na hakuna aliyemchagua. Jana nilimshusha Shemeji ghorofa tatu bila kumwangusha. Watu wakanipigia makofi, nami nikacheka. Halafu nikakumbuka kwamba mume wangu alikuwa na kilo sabini na nne, nikakaa chini palepale.

Mkufunzi wa chumba cha moshi ni mtu mzima, mkimya. Tunamwita Taratibu, maana neno hilo halimbanduki mdomoni. Hanitazami usoni. Sijui nimemkosea nini.

Niombee.

Mkamwana wako

* * *

Nyumbani, 20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lile lile. Ukunga umenipigisha magoti miaka thelathini na mmoja, sasa lenyewe limegoma. Nafurahi kusikia u mzima.

Sikutoka chumbani kwa sababu ningekushika nguo nisikuachie.

Hukuzaa na mwanangu. Hakuna kinachokufunga kwangu, na wenzako wengine wangekwisha kurudi kwao zamani. Wewe ulibaki, tukagombana kuhusu chumvi, tukapatana, mpaka nikasahau kwamba hukutoka tumboni mwangu. Sasa nyumba imekuwa kubwa, nikikohoa inanijibu.

Nikwambie jambo nisilomwambia mtu. Mchana, jua likiwa kali na bati likianza kulia, namsikia anabisha hodi. Mara moja tu, kivivuvivu, kama alivyozoea. Najua ni bati. Lakini najikuta nimeshaitikia, na sauti yangu nimeilegeza, kama mtu anayemsubiri mgeni wake.

Ile barua ya kikosi cha zimamoto nimeisoma hadi imekatika kwenye mikunjo. "Paa liliporomoka, akafariki papo hapo." Hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo yanayonipa usingizi. Mungu alimpunguzia. Sasa wewe uko kwa wenzake wa kazi. Ukimpata aliyekuwepo siku ile, niulizie kitu kimoja tu: aliita? Mama hupenda kujua kama aliitwa.

Kula vizuri. Usijifanye chuma.

Mama mkwe wako

* * *

Chuoni, 14 Machi

Mama,

Shikamoo. Habari za hapo, habari za goti? Mimi mzima wa mwili, moyo ndio sijui.

Nimeanguka mtihani wa chumba cha moshi. Chumba chenyewe ni makontena yaliyounganishwa, giza tupu, wanayajaza moshi, mnaingia wawili wawili mkitambaa mmeshika kamba moja, mnapapasa mpaka mmpate Shemeji. Mgongoni una mtungi wa hewa. Hewa ikikaribia kwisha, mtungi wenyewe hupiga filimbi, nyembamba, haikatiki, mpaka utoke au hewa iishe. Sheria ni moja: filimbi ya mmoja ni ya wote wawili. Mnageuka, mnatoka pamoja.

Yangu ilipolia niliganda. Nilijikunja ukutani kama mtoto, mwenzangu akanivuta kwa mkanda. Nimepewa nafasi moja ya kurudia, tarehe 30 Mei.

Lakini si hilo ninalotaka kukwambia. Nilipotolewa nje nilimkuta Taratibu nyuma ya gari la maji, ameinama, anatapika. Kibao chake cha kuandikia alama kiko chini matopeni. Wenzangu wanasema alianza kutapika filimbi yangu ilipolia.

Nikamuuliza mtunza stoo, ambaye huwa hana siri. Akasema, "Kwani hujui? Ndiye aliyeingia na mumeo kule kiwanda cha magodoro."

Nitamuuliza, Mama. Nipe siku chache.

Mkamwana wako

* * *

Nyumbani, 2 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mimi nipo.

Siku chache zimekwisha. Labda posta imechelewa. Nimeambiwa mvua imekata barabara, sijui kama ni kweli. Umemuuliza?

Mama mkwe wako

* * *

Nyumbani, 29 Aprili

Mwanangu,

Salamu nitakupa ukinijibu.

Namjua mtu anayeficha habari, maana hiyo ilikuwa kazi yangu. Nimewaficha wanawake wangapi, nimemshika mtoto wao nyuma ya pazia, nawaambia, "Subiri kidogo, mama, tunamsafisha." Huku namkanda kifua kwa vidole viwili na najua. Wao nao walikuwa wanajua. Hakuna aliyewahi kunishukuru kwa ule muda.

Mficha uchi hazai. Sema.

Mama mkwe wako

* * *

Chuoni, 11 Mei

Mama,

Shikamoo. Naomba uketi kabla ya kuendelea kusoma. Kama jirani yupo, mwite akae karibu, usimwambie kitu.

Nilimuuliza Taratibu tangu tarehe 20 Machi. Tulikuwa tunaanika mipira ya maji, sisi wawili tu. Hakukana. Alisema alinijua kwa jina siku ya kwanza, na kila asubuhi alikuwa akijiambia leo nitamwambia.

Waliingia wawili. Filimbi ya mume wangu ikaanza ya kwanza. Taratibu akamgusa bega, wakageuka, yeye akatangulia akijua mwenzake ameshika kamba nyuma yake. Alipofika nje akavuta kamba, ikaja nyepesi. Kwa nini mume wangu aliiachia, hajui, na hakuna atakayejua. Akataka kurudi. Mkuu wao akakataa kwa sababu paa lilikwisha kupinda, na watu wawili wakamlaza Taratibu chini na kumkalia asiingie. Wakawa hapo nje, Mama, wanaisikia ile filimbi. Wote walikuwa wanaisikia. Ikalia, ikalia, kisha ikanyamaza. Paa liliporomoka baadaye.

Haikuwa papo hapo.

Nilimuuliza swali lako, kama aliita. Akaniambia, "Ndani ya ile barakoa sauti haitoki. Filimbi ndiyo sauti tuliyonayo."

Nimekaa na haya wiki saba. Nilijiambia nakuhurumia, lakini nadhani nilikuwa najihurumia mimi. Maneno yale mawili yalikuwa yananilaza na mimi pia, na sikutaka kuwa mtu wa kuyatoa ndani ya nyumba yako.

Nisamehe.

Mkamwana wako

* * *

Chuoni, 2 Juni

Mama,

Shikamoo. Ni wiki tatu sasa. Sikulazimishi. Nataka tu kujua kama unakula.

Nimefaulu. Taratibu hakuwepo siku ya mtihani, aliomba ruhusa ya siku mbili na kusafiri, wakatuletea mkufunzi mwingine. Tulimpata Shemeji chini ya kitanda, nyuma kabisa. Tukiwa tunamvuta, filimbi yangu ikaanza. Mwili ukataka kuganda tena. Nikamwambia mume wangu, humo humo ndani ya barakoa ambamo hakuna anayesikia, "Nimekusikia." Kisha nikamgusa mwenzangu bega. Nilikamata mkanda wake kwa mkono mmoja na Shemeji kwa mkono wa pili, na sikuachia hata tulipofika juani. Ilibidi wanifungue vidole.

Tunaapishwa tarehe 20. Wametupa fomu, na kuna mahali pa kuandika mtu wa kupewa taarifa likitokea la kutokea. Wenzangu wamejaza wote. Pangu nimepaacha wazi. Sijui kama bado nina haki ya kuandika jina lako.

Mkamwana wako, kama bado

* * *

Nyumbani, 9 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba ya zile zote nilizoacha kuitikia. Nakula. Si sana.

Barua yako ya Mei niliisoma mara moja, nikaisukuma chini ya godoro. Halafu nikakumbuka kile kiwanda, nikaitoa haraka. Siku ya nne nikamwandikia huyo Taratibu wenu hapo chuoni mstari mmoja: "Njoo nikuone." Sikudhani atakuja.

Alikuja tarehe 30, saa sita mchana. Shati lake limepigwa pasi upande mmoja tu, ungemhurumia. Alitaka kupiga magoti. Nikamwambia magoti ni kazi yangu, yeye akae kwenye kiti.

Nikamuuliza ile filimbi ililia muda gani baada ya yeye kutoka. Akasema si muda mrefu. Nikamwambia, "Mimi ni mkunga. Nimesimama na vichanga wasiolia, nikihesabu. Usiniambie si muda mrefu."

Akasema kwa saa hajui, ila mwilini mwake anaujua, kila siku unampitia. Basi nikavua saa yangu ya kazi nikaiweka mezani, nikamwambia tukae kimya, ule muda ukifika mwisho aseme.

Tukakaa. Dakika ya kwanza nilisikia redio ya jirani. Ya pili sikusikia kitu. Ya tatu akaushika ukingo wa meza kwa mikono miwili, nikataka kumwambia basi, yatosha. Lakini mtoto wangu hakuwa na wa kumwambia yatosha, nikaendelea kuutazama mshale. Ya nne ikapita. Ya tano nayo ikapita, nikaona kama mshale umesimama, nikaichukua saa nikaiweka sikioni. Ilikuwa inakwenda. Kisha akasema, "Hapa."

Dakika tano na sekunde arobaini.

Alilia. Nikampa maji. Sikumwambia nimemsamehe, kwa sababu sijui kama nimemsamehe. Nilimwambia aje tena. Alipokuwa anatoka alisema katika muda wote huu hakuna aliyewahi kumuuliza.

Sitakuficha, tangu siku hiyo usingizi umenikimbia. Nikikaa peke yangu najikuta nimeanza kuhesabu, na siachi mpaka nifike. Lakini nafika. Zamani sikuwa nafika popote. Ile barua ya kikosi nimewarudishia kwa posta. Nimeandika juu yake: Si kweli.

Tarehe 20 sitakuja, sina moyo wa kuziona sare zile zikiwa nyingi mahali pamoja. Na kazi hii bado siitaki kwako. Nikisema naitaka nitakuwa mwongo, na uongo nimeuchoka.

Fomu usiiache wazi. Andika jina langu. Pale wanapouliza uhusiano, usiandike mkwe. Na uwaambie mapema, mbele ya mkuu wao: likitokea la kutokea, wasiniletee karatasi. Waje wao wenyewe, waketi, waniambie yote, na waniambie ni dakika ngapi.

Mama yako